Dar hadi Unguja kwa ndege ndogo: kilomita 73, dakika 19

Mama yangu hawezi boti. Julai mwaka jana, kusi linavuma, alitapika tangu tulipoiacha bandari ya Dar hadi ile ya Malindi, Unguja, akashuka kalegea kabisa. Kwa hiyo safari hii, tukienda kwenye harusi ya mjukuu wake, nikaamua tupande ndege.

Kabla ya kulipa nilipiga hesabu. Toka uwanja wa Julius Nyerere hadi wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, karibu kaskazini tupu. Cessna Caravan, ile yenye injini moja na panga moja puani, hukata kama kilomita 300 kwa saa. Hapo unapata dakika 15. Tiketi iliandikwa dakika 20.

Tulitoka nyumbani Ukonga saa 1:30 asubuhi. Saa 1:50 tuko Terminal 1, mizigo inapimwa, na sisi wenyewe tukapandishwa kwenye mzani, kwa sababu ndege ndogo hupangiwa uzito kwa makini. Mwisho wa mzigo ni kilo 15 kila mtu. Kikapu cha mama kilizidi, nikalipia. Hilo sikulalamikia. Lililoniudhi ni kwamba ndege ilikuwa ya saa 3:00, ikaruka 3:25, na hakuna mhudumu aliyekuja kutuambia neno. Mtu mzima anakaa na wasiwasi wake bila hata samahani.

Ila angani, jamani! Mama nilimweka dirisha la kulia. Akaliona jiji lote, kisha Bongoyo na Mbudya zimezungukwa na maji ya kijani, halafu bahari tupu. Mimi kushoto nikakiona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa, na hapo ndege ilikuwa imeshaanza kushuka. Ilitikisika kidogo tulipopita kwenye mawingu, mama akanishika mkono. Magurudumu yaligusa chini saa 3:44. Akaniuliza, "Ndiyo tumefika? Mbona sijamaliza hata kusali?"

Saa 4:25 tulikuwa Mwembetanga kwa dada, chai mezani. Mlango kwa mlango ni saa mbili na dakika 55, na kati ya hizo angani ni dakika 19 tu. Kwa boti, kutoka kwetu Ukonga, foleni ya kwenda mjini, kuripoti, na takriban saa mbili za baharini, huwa inatuchukua kama saa nne. Nauli ya ndege ni zaidi ya mara mbili ya boti.

Ukikaa Upanga au Kariakoo na tumbo lako halina shida na mawimbi, panda boti, muda utakaookoa kwa ndege ni mdogo. Ukikaa upande wetu wa Ukonga, Kipawa au Gongo la Mboto, au una mzazi kama wangu, lipa ndege. Beba begi laini, maana gumu halikai vizuri kwenye sehemu ya mizigo, na usipange shughuli ya saa nne kamili.

Mama amekula pilau siku ileile. Kurudi pia nimeshakata ya ndege.