Jumamosi Sita za Kusoma Haki ya Maskini: Tathmini ya Mafunzo Niliyohudhuria Ilala

Kwa Jumamosi sita mfululizo, kuanzia mwisho wa Julai hadi mwisho wa Agosti 2025, nilihudhuria mafunzo ya muda mfupi kuhusu umaskini na wajibu wa mataifa katika sheria ya kimataifa ya haki za binadamu, yaliyofanyika katika ukumbi wa kukodi jirani na Karume, Ilala. Waandaaji ni kikundi kidogo cha wanasheria na walimu wa vyuo, na sitawataja kwa jina kwa kuwa ninachopima hapa ni mafunzo yenyewe. Ada ilikuwa shilingi 60,000 kwa siku zote sita, pamoja na kijitabu cha kurasa 40, chai ya saa nne na cheti. Tulikuwa washiriki wapatao 30: wasaidizi wa kisheria, maofisa maendeleo ya jamii, walimu, wajumbe wa serikali za mitaa, na watu kama mimi, katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu huko Tabata, ambaye sijawahi kuingia darasa la sheria maishani mwangu.

Nilikwenda na swali lililokuwa likinisumbua tangu mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mgao ukatangazwa jijini. Wakati huo, mtaani kwetu, ndoo ya lita 20 iliyoletwa kwa mkokoteni ilifika shilingi 500, na jirani yangu mwenye watoto wanne, anayeuza vitumbua asubuhi, alikuwa akichagua kati ya kununua maji na kununua unga. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa nyumba ya watu sita, hata ukichukua kiwango cha chini, hizo ni ndoo 15, sawa na shilingi 7,500 kwa siku, fedha ambazo jirani yangu hakuwahi kuzipata kama faida. Nilitaka kujua kama hali ile ni bahati mbaya tu au kuna mtu mwenye wajibu aliyeshindwa kuutimiza.

Siku ya kwanza ilinipa sababu ya kurudi siku ya pili. Mwezeshaji aliandika ubaoni maneno manne, yaani mfadhili, mhisani, msaada na mdaiwa, kisha akatuuliza ni lipi kati ya hayo tunalolitumia tunapozungumzia nchi tajiri na nchi maskini. Karibu wote tulitaja mfadhili. Alitukumbusha kwamba neno hilo limetoka kwenye fadhila, na kwamba anayepewa fadhila hushukuru na kunyamaza, hata kama alichopewa hakitoshi. Anayedai haki hashukuru kwanza. Huuliza ni kiasi gani, lini, na kwa nini hakijalipwa. Nimeishi na maneno haya tangu utoto bila kuyasikia yakisema hivyo, na naamini saa ile moja ilikuwa na thamani kuliko kurasa nyingi za kijitabu.

Baada ya hapo tuliingia kwenye sheria zenyewe, na hapa sifa yangu kwa wawezeshaji haina masharti. Walituonyesha kwamba Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 25, linataja haki ya kila mtu kuwa na kiwango cha maisha kinachotosha afya na ustawi wake, ikiwa ni pamoja na chakula, mavazi, makazi na matibabu, na kwamba ibara ya 28 inakwenda mbali zaidi kwa kusema kila mtu ana haki ya mfumo wa kijamii na wa kimataifa ambamo haki hizo zinaweza kutimizwa kikamilifu. Kisha wakatuleta kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Ibara ya 2 ya mkataba huo huzitaka nchi zichukue hatua, kila moja peke yake na kwa ushirikiano wa kimataifa, kwa kadiri ya juu kabisa ya rasilimali zilizopo, ili haki hizo zitimizwe hatua kwa hatua.

Maneno hayo ya "hatua kwa hatua" yalizua mjadala mrefu, kwa sababu ofisa mmoja aliyekuwa miongoni mwetu aliyachukulia kama ruhusa ya kusubiri. Jibu alilopewa lilikuwa zuri na lilitolewa kwa heshima. Mwaka 1990 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba kuna kiwango cha chini ambacho kila nchi inapaswa kukihakikisha, na kwamba nchi ambayo idadi kubwa ya watu wake hawana chakula cha msingi, huduma ya afya ya msingi, makazi ya kawaida au elimu ya msingi kabisa inahesabiwa, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa imeshindwa kutimiza wajibu wake. Ikitaka kujitetea kwa ukosefu wa fedha, ni lazima ionyeshe kwamba imejitahidi kwa kila ilichonacho kuyapa mambo hayo kipaumbele. Kwa hiyo mzigo wa kueleza unabebwa na serikali, wala haumwangukii mama wa vitumbua. Kamati hiyohiyo ilisema pia kwamba ushirikiano wa kimataifa kwa ajili ya maendeleo ni wajibu wa nchi zote, hasa zile zenye uwezo wa kusaidia wengine.

Kipindi bora kuliko vyote kilikuwa cha tatu, kilichohusu maji ya jiji letu. Wengi wetu tulikumbuka kijuujuu tu kwamba kampuni ya City Water ilikuja na ikaondoka. Mwezeshaji aliisimulia habari yote kwa mpangilio: kwamba mkopo wa Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kwa ajili ya kukarabati mfumo wa majisafi Dar es Salaam uliambatana na sharti la kumpata mwendeshaji binafsi, kwamba mkataba wa miaka 10 na City Water ulianza kutekelezwa Agosti 2003, na kwamba Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja baada ya miezi isiyofika 24, ikilalamikia utendaji usioridhisha. Kampuni mama, Biwater Gauff, ikaipeleka Tanzania mbele ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji huko Washington, ikitegemea mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza. Uamuzi ulitolewa Julai 2008: Tanzania ilikuwa imekiuka mkataba huo kwa namna kadhaa, lakini haikutakiwa kulipa fidia yoyote, kwa kuwa kampuni haikupata hasara ya fedha iliyotokana na ukiukaji huo.

Jambo lililonigusa zaidi katika habari hiyo ni dogo kuliko hukumu. Mashirika matano yasiyo ya kiserikali, matatu yakiwa ya hapa Tanzania, yaliomba kusikilizwa katika shauri lile, yakisema kwamba kinachobishaniwa ni maji ya wakazi wa jiji zima. Mwaka 2007 yaliruhusiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi, lakini hayakuruhusiwa kuhudhuria vikao wala kuona nyaraka za kesi. Niliyasikia hayo huku nikifikiria foleni ya ndoo mbele ya kisima cha jirani. Mwekezaji alikuwa na mlango wake mwenyewe, wenye waamuzi, ratiba na hukumu inayotekelezeka. Watu waliokuwa wakinywa maji hayo walipitishiwa karatasi chini ya mlango. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa somo zima la mafunzo haya: katika sheria ya kimataifa wajibu kwa maskini umeandikwa kwa lugha nzuri, ila milango ya kuudai ni michache na mingine imefungwa. Tuliambiwa pia kwamba tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuitambua haki ya maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote, Tanzania ikiwa mojawapo. Ukumbi ulikaa kimya kwa muda.

Kipindi cha madeni na misaada kilipita haraka, na sina mengi ya kukisemea. Tulikumbushwa kwamba tangu mwaka 1970 nchi tajiri ziliwekewa lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kama misaada ya maendeleo, na kwamba ni chache tu, kama Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg, zilizolifikia kwa miaka mingi. Tulikumbushwa pia kwamba Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa msamaha wa madeni Novemba 2001, mwaka uleule ambao ada ya shule za msingi ilifutwa. Nawapongeza wawezeshaji kwa uaminifu wao walipofika kwenye Kanuni za Maastricht za mwaka 2011 kuhusu wajibu wa nchi nje ya mipaka yake: walitamka wazi kwamba hizo ziliandaliwa na wataalamu wa sheria na si mkataba uliosainiwa na serikali, ingawa ingekuwa rahisi kutuacha tuamini vinginevyo.

Upungufu mkubwa ulijitokeza siku ya tano. Mzee mmoja kutoka Buguruni, aliyekuwa akihudhuria na daftari lake bila kukosa, alinyanyua mkono na kusema, "Mwanangu, nimekuelewa vizuri. Sasa mimi maji yakikatika miezi miwili, niende kwa nani?" Mwezeshaji, ambaye kwa kila swali lingine alikuwa amejiandaa, alijibu, "Mzee wangu, hilo ni swali la mwisho, tutalifikia." Tulilifikia siku ya sita, ikiwa imebaki nusu saa kabla ya vyeti.

Katika nusu saa hiyo tuliambiwa milango iliyofungwa kwa urefu na ule ulio wazi kwa ufupi. Katiba yetu, katika ibara ya 7(2), inazuia mahakama kutekeleza masharti ya sehemu ambamo ibara ya 11 kuhusu haki ya kufanya kazi na kupata elimu imewekwa. Itifaki ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu binafsi kulalamika mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa, Tanzania haijajiunga nayo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo Arusha, mwendo wa siku moja kwa basi, lakini Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda huko moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Yote hayo ni kweli na tulipaswa kuyajua.

Mlango ulio wazi ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Banjul, nchini Gambia, kwa kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984. Tume hiyo hupokea malalamiko hata kutoka kwa asiyekuwa mwathirika mwenyewe, na mwaka 2001, katika shauri la watu wa Ogoni dhidi ya Nigeria, ilisema kwamba haki ya chakula na ya makazi zimo ndani ya Mkataba wa Afrika ingawa hazikutajwa kwa maneno. Hukumu kama hiyo ilistahili kipindi kizima. Tulihitaji kujifunza namna ya kuandika lalamiko, namna ya kuonyesha kwamba njia za ndani ya nchi zimekwisha au zimecheleweshwa kupita kiasi, na ushahidi wa aina gani huhifadhiwa tangu siku ya kwanza. Tulipewa dakika kumi.

Kuna kasoro nyingine ambazo waandaaji wanaweza kuzirekebisha bila gharama kubwa. Tamko la mwaka 1948 tulipewa kwa Kiswahili, lakini maelezo ya Kamati kuhusu kiwango cha chini na yale ya mwaka 2002 kuhusu haki ya maji yalitolewa nakala kwa Kiingereza tu, na nusu ya washiriki waliyakunja wakayaweka mkobani. Kwa mafunzo yanayosema kwamba maskini ana haki ya kudai, kumpa hati ya madai yake katika lugha asiyoisoma ni kosa linaloumiza. Kijitabu bado kinataja dola 2.15 kwa siku kama mstari wa umaskini uliokithiri, ilhali Benki ya Dunia iliupandisha hadi dola 3 mwezi Juni 2025, kabla mafunzo hayajaanza. Na ada ya shilingi 60,000, ingawa ni ndogo ukilinganisha na mafunzo mengine jijini, ilimzuia jirani yangu wa vitumbua, ambaye nilitamani sana aketi kiti cha mbele. Nafasi tatu au nne zisizolipiwa kwa kila awamu zingebadili mazungumzo ya ukumbi mzima.

Pamoja na hayo yote, ningelipa tena. Anayefanya kazi kwenye kata au mtaa, anayesimamia kikundi cha akina mama, au anayeandika habari za jamii atatoka pale akiwa na maneno sahihi ya kuuliza maswali ambayo kwa kawaida tunayameza. Namshauri aombe nakala za Kiswahili wiki moja kabla, na aombe kipindi cha Banjul kisogezwe mbele. Mwanasheria mzoefu hatapata mengi mapya, isipokuwa kile kipindi cha tatu.

Baada ya kupokea vyeti nilimwamkia yule mzee wa Buguruni na kumwomba nilione daftari lake. Kumbe tangu mgao wa mwaka 2022 amekuwa akiandika, kwa kalamu ya bluu, tarehe ambazo maji hayakutoka na bei ya ndoo ya siku hiyo. Nimemwalika kwenye kikao cha kamati yetu, na mwenyekiti wa mtaa amekubali kurasa zile zinakiliwe na kuambatishwa kwenye barua yetu ya kwanza kwa mamlaka.