Kunakili sidi za mama bila kuona skrini: uzoefu wangu na NVDA na foobar2000

Sidi ya kwanza niliimaliza kwa sekunde moja. Nyimbo nane za kwaya. Niliingiza diski, nikachagua zote, nikakopi, nikabandika kwenye folda, nikamwambia mama, "Tayari." Mama akasema, "Haya piga tusikie." Kimya. Nikaangalia ukubwa wa faili: baiti 44 kila moja. Ujumbe mfupi wa simu unazidi hapo.

Kumbe yale mafaili ya .cda ambayo Windows inakuonyesha si nyimbo. Ni kama kibao cha barabarani kinachosema wimbo wa tatu unaanzia hapa. Muziki wenyewe unabaki kwenye diski mpaka upate programu ya kuunyonya. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu asiyeona ambaye ana boksi la sidi nyumbani na amechoka kumwomba kila mtu amsaidie.

Mimi natumia NVDA. Ni programu ya kusoma skrini, ya bure kabisa, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni. JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, niliwahi kuitumia chuoni, ni nzuri, ila leseni yake si ya mfuko wangu. NVDA ina hata sauti ya Kiswahili kupitia eSpeak, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Tahadhari tu: sauti hiyo ikikutana na menyu ya Kiingereza inaisoma kwa herufi za Kiswahili. "File" inakuwa "fi-le", na "Unknown Artist" sitajaribu hata kuiandika. Kwa hiyo kwenye menyu naweka sauti ya Kiingereza, na kwenye majina ya nyimbo narudi Kiswahili.

Laptopu yangu haina tundu la sidi, kama nyingi za siku hizi. Nikashuka Makoroboi, hapa Mwanza, kutafuta kisoma diski cha USB. Muuzaji akacheka: "Kaka, sidi tena? Chukua flashi." Nikamwambia flashi ninayo, nyimbo ndizo ziko kwenye sidi. Alikitoa chini ya rafu kwa shilingi 45,000, na hadi leo kinafanya kazi. Uzuri wake kinakula umeme wa laptopu yenyewe, hivyo umeme ukikatika hapa Kirumba kazi inaendelea kwa betri.

Programu ya kwanza niliyojaribu sitaitaja jina. Watu wanaoona wanaisifu sana. Kwangu ilikuwa "kitufe, kitufe, kitufe", vyote havina jina, na orodha ya nyimbo NVDA haikuiona kabisa. Nikabonyeza kimoja kwa kubahatisha, diski ikatoka nje. Nikaifuta.

foobar2000, programu ya kupiga na kunakili muziki, ni habari nyingine. Nayo ni bure. Alt inafungua menyu, chini ya File kuna sehemu ya kufungua sidi ya muziki, unachagua kisoma diski chako, kisha kitufe cha Rip, yaani kunyonya. Orodha unashuka kwa mishale na kila wimbo unasomwa. Ukitaka MP3, sakinisha mapema kifurushi cha visimbaji vyake, yaani vijiprogramu vya kutengeneza mafaili ya muziki, la sivyo katikati ya kazi itakuuliza lame.exe, kile cha MP3, iko wapi nawe huna jibu. Mimi niliweka MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ambayo ni kama megabaiti 2.4 kwa dakika. Sidi yenyewe ina kama megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo nafasi unaokoa robo tatu na masikio ya mama hayajalalamika. Wenye nafasi kubwa kwenye kompyuta wachague FLAC, aina ya faili ya muziki isiyopoteza kitu.

Kinachonifurahisha zaidi ni mlio. Kazi ikiendelea, NVDA inatoa vimilio vinavyopanda taratibu kutoka sauti nzito hadi nyembamba, kama mtu anayepanda ngazi. Naweza kukaa nje nikachambua dagaa na mama huku nasikia tumefika wapi. Sidi nzima ilichukua dakika tano hivi. Vimilio vikisimama muda mrefu najua kuna mkwaruzo. Hapo natoa diski, naifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha kama sahani. Moja ilinichukua dakika 40 na wimbo wa mwisho bado unakwaruza. Nimeuacha hivyo hivyo.

Shida kubwa iko kwenye majina. Programu inatafuta jina la albamu kwenye intaneti. Tulipoweka diski ya Remmy Ongala, ile iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989, ilijaza kila kitu papo hapo. Sidi za kwaya za huku kwetu? "Track 01", "Track 02", basi. Hakuna aliyewahi kuziingiza.

Basi mama ndiye akawa kanzidata. Anasoma jaketi, mimi nabonyeza F2, kitufe cha kubadili jina, naandika. Lakini jaketi na diski havikukubaliana, mpangilio ulikuwa tofauti, ikabidi tupige kila wimbo kidogo. Sekunde chache tu na mama ananikatiza: "Huo si wa tatu, mwanangu. Huo tuliuimba ndoa ya shangazi yako." Kisha anauimba wote, na mimi nasubiri. Jioni moja tulimaliza sidi mbili tu.

Jingine ambalo kidole hakiwezi kukuambia: si kila sidi ni sidi ya muziki. Kwenye boksi la mama kulikuwa na za aina tatu, na mkononi zote ni sawa. Ukifungua diski ukakuta .cda, nyonya kwa foobar2000. Ukikuta mafaili ya MP3, kopi tu kawaida, usihangaike. Ukikuta folda inayoitwa MPEGAV yenye faili kama AVSEQ01.DAT, hiyo ni sidi ya video, na foobar2000 haitaona wimbo hata mmoja. Kwaya nyingi ziliuza za namna hiyo. Siku hizi nikishatambua aina naandika nukta nundu kwenye jaketi, si kwenye diski yenyewe, isije ikayumba inapozunguka.

Majina ya faili anza na 01, 02, si 1, 2. Redio ya mama ya kuchomeka flashi inapanga majina kwa tarakimu ya kwanza, kwa hiyo ilikuwa inaruka kutoka wimbo wa 1 kwenda wa 10, naye akadhani nimefuta katikati.

Sidi 41 ziko kwenye flashi. Za video zimebaki 9. Nasikia VLC, programu ya kupiga video, inaweza kuzitoa sauti, nitajaribu wiki ijayo kama mama hatakuwa na mazoezi ya kwaya.