Kontroboksi ya lori ya mtumba: inuse kabla hujalipa

Mwezi wa tatu Dyna yangu, lori la Toyota, ilizimika Usagara, nje ya Mwanza, ikiwa na magunia ya dagaa niliyoyapakia alfajiri soko la samaki la Mwaloni Kirumba, safari ya Kahama. Mvua ilikuwa inanyesha. Dagaa wakilowa hupati tena mtu wa kuwanunua kwa mboga, wanaishia kwa wasaga chakula cha kuku. Nilikodi gari jingine, mzigo ukaokoka, faida yote ikaishia pale njia panda.

Kontroboksi (kompyuta ya injini) iliyonizimia gari nilikuwa nimeinunua wiki tatu kabla, kwa shilingi 650,000. Namba zake zilifanana na za boksi langu la zamani, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kila mtu anakwambia linganisha namba. Nililinganisha. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Habari ya namba nitaipitia haraka. Kwa Toyota, 89661 inasema tu kwamba hiyo ni kompyuta ya injini. Tarakimu au herufi tano zinazofata baada ya kistari ndizo zinazotaja ni ya gari gani, kwa hiyo muuzaji akikusomea 89661 peke yake kwenye simu bado hajakwambia kitu. Angalia na volti: malori mengi ya Japani ni ya 24, lakini Isuzu na Fuso zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za 12. Mwenye Isuzu ya injini ya 4HK1 ajue pia kwamba kontroboksi inatunza kodi za nozeli, yaani namba za kila kipuliza mafuta cha injini, na ukiibadilisha lazima fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aziingize upya. Haya mafundi wengi wanayajua.

Wasichokwambia ni kapasita. Ukifungua boksi utaziona: ni vikopo vidogo vya bati vimesimama kwenye saketi, vingine havifiki unene wa kidole. Ndani vina majimaji ya kemikali, na kwa chini vimezibwa kwa mpira. Miaka ikienda mpira unachoka, majimaji yanavuja na kuanza kuila shaba ya saketi polepole. Joto ndilo linaloharakisha: mafundi wa elektroniki wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata umri wa kapasita kwa nusu. Sasa piga picha ya boksi lililokaa miaka 20 kwenye kabini ya lori, likasafiri ndani ya kontena, kisha likawekwa kwenye rafu chini ya bati bila dari. Stika ya juu bado inasomeka vizuri kabisa.

Na majimaji hayo yananuka shombo. Siku nanunua niliisikia. Nikamwambia kijana wa duka, "Mwanangu, mbona hii inanuka?" Akanijibu, "Mama, hilo gari lilikuwa la samaki. Mwanza hapa gari gani halina shombo?" Nikakubali, kwa kuwa mimi ni mtu wa Mwaloni na mikono yangu mwenyewe ilikuwa inanuka. Ningejiuliza kidogo tu ningeona. Lori la samaki linanuka kwenye bodi, huko nyuma, ambako maji ya kayabo, samaki wa chumvi, yanachuruzika. Kontroboksi ya Dyna iko kabini, imefunikwa kava na kukazwa skrubu. Shombo inayotokea kwenye tundu la soketi imetoka ndani ya boksi.

Fundi wangu wa Nyakato alipoifungua, chini ya kapasita mbili kulikuwa na doa la kahawia linalong'aa kama mafuta ya sangara, na njia ya shaba iliyopita hapo ilikuwa imegeuka kijani. Akaigusa kwa ncha ya bisibisi, ikabanduka kama gamba. Dalili nilikuwa nazo wiki nzima: asubuhi gari linagoma, unarudia ufunguo mara nne ndipo linawaka, likishapata moto linatembea kama halijawahi kuumwa.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni moja. Usilipe mpaka kava limefunguliwa mbele yako. Nusa kwanza, kabla hewa haijaingia. Mulika kwa tochi ya simu chini ya kila kapasita, tafuta doa au kuvimba. Kisha mulika pini za soketi, ukiona ukijani acha. Muuzaji akikataa kufungua, ondoka, hata kama gari lako liko barabarani. Kontroboksi za Scania na Actros zinazofungwa kwenye injini yenyewe huwezi kuzikagua hivi, kwa hiyo hizo nunua tu pale ambapo injini yake inaunguruma na unaisikia.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni boksi lako mwenyewe, litengenezwe. Maboksi mengi ninayoletewa habari kwamba ni mabovu hayakuwa mabovu. Fundi umeme apime fyuzi, relei kuu na ethi, halafu aangalie kama sensa zinapata volti 5 kutoka kwenye boksi. Langu la zamani liliungua kweli: fundi wa kuchomelea alikuwa anaunga chasisi bila kuchomoa betri wala soketi ya kontroboksi. Nikalitupa stoo nikakimbilia dukani. Baada ya Usagara tukalitoa, fundi akabadilisha transista moja ya nozeli na kapasita zote, akaweka zinazostahimili joto la nyuzi 105, volti zile zile au zaidi. Gharama 180,000. Ndilo linalotembea mpaka leo. Kabla ya kulirudisha alipima koili za nozeli zote, maana koili iliyopiga shoti ingelichoma tena siku hiyo hiyo.

Ya pili ni boksi la gari linalokatwa hapa hapa Mwanza, ukalikuta bado linawaka. Liwashe likiwa baridi, ukae nalo nusu saa. Chukua kontroboksi pamoja na soketi yake na waya urefu wa mkono, na kama gari lina ufunguo wa chipu, chukua ufunguo na kipokezi chake. Usikubali wakukatie waya karibu na soketi.

Hapa niseme wazi: mimi ni mtu wa Denso, kampuni ya Japani inayotengeneza maboksi haya. Hata lile lililonitesa lilikuwa Denso, na bado ningenunua Denso. La kwangu lina namba ya Toyota na namba ya Denso kwenye stika moja, kava linafunguka kwa bisibisi, na mafundi wa hapa wameshalishika mara nyingi. Boksi linalofunguka linatengenezeka. Lililomiminiwa gundi likifa, umelizika.

Ya tatu ni Dar, Gerezani na Kariakoo. Chaguo ni kubwa na kifurushi kinakuja na basi hadi Nyegezi. Dai picha ya ndani, yenye stika pembeni, kabla hujatuma hela. Soko la Kisekka la Kampala nalo lina spea nyingi, ila kurudisha kitu kupitia mpaka wa Mutukula ni safari nyingine na gharama nyingine.

Za bei ya kutupa, zisizo na stika: ziache.

Na hapo kwenye stika nina neno na wauzaji wetu. Kwa nini mnazikwangua? Mteja asiposoma namba hawezi kuuliza duka la jirani, hiyo ndiyo sababu, na mnaijua. Bei nayo: nilipoulizia kwa simu niliambiwa 400,000. Nilipofika na kusema gari limelala na mzigo unaningoja, ikawa 650,000 kwa boksi lile lile, kwenye rafu ile ile. Nilipolirudisha likiwa wazi, shombo ikijaa duka zima, nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti niliyopewa imeandikwa "spea". Wewe dai risiti yenye namba kamili ya kontroboksi na siku za kujaribu, japo saba, ziandikwe kwa kalamu mbele yako.

Hela yangu haijarudi. Boksi ninalo, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisipoteze harufu. Vijana wawili wenye Canter wameshakuja kulinusa kabla ya kwenda kununua, na mmoja aliniambia aliacha boksi dukani siku hiyo hiyo.