TAHADHARI wafuga mbwa Dar: unga wa mbwa wa bei chee umesagwa na mahindi yenye ukungu

Wadau wa mbwa naomba mnisome mpaka mwisho, kuna jamaa anauza unga wa mbwa kwa WhatsApp, anasema ni dona safi limechanganywa na dagaa na damu ya machinjioni, anakuletea kwa bodaboda mpaka getini na bei yake karibu nusu ya wengine. Unakuja kwenye kiroba cheupe, hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuna jina la aliyetengeneza. MSINUNUE.

Jirani yangu alichukua kwa ajili ya mbwa wake wawili wa ulinzi. Mdogo ndo alianza, akagoma kula, akatapika, kesho yake choo cheusi kama lami na ukimfunua mdomo ufizi wote njano, macho nayo njano. Daktari wa mifugo alivyoona ile njano akasema hili ni ini na dalili ni za sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu), anakula nini huyu? Tukamwaga ule unga kwenye beseni, mabonge mabonge, ukivunja bonge ndani kuna ukungu wa kijani, na chini ya harufu ya dagaa kuna uvundo mkali. Yaani dagaa wamejazwa mle kuficha harufu, hakuna lingine. Mdogo alikufa, mkubwa bado yuko kwenye dripu.

Kinachoniuma ni kwamba mahindi mabovu yakishasagwa mara nyingi huwezi kuyajua kwa macho, na sumukuvu haiishi kwa kupika, chemsha huo ugali utakavyo sumu iko palepale. Kuna watu wanaamini mbwa anakula chochote hadhuriki, sio kweli jamani, kwa hii sumu mbwa ni dhaifu sana na dawa ya kuiondoa mwilini haipo, daktari anachofanya ni kulisaidia ini tu. Marekani mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mbwa zaidi ya 100 waliripotiwa kufa kwa chakula chenye sumu hiihii, tena cha kiwandani chenye lebo, sembuse kiroba hiki. Na sio mbwa tu, 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo usiuweke karibu na unga wenu wa kula, na usiseme basi ngoja niwape kuku au ng'ombe, kwa ng'ombe sumu inatokea mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Muuzaji alipopigiwa akasema mbwa ana minyoo, alipotumiwa picha za unga akamblok jirani. Siku hazijapita nyingi tangazo lilelile limerudi kwa namba nyingine, picha ileile ya German Shepherd kakaa pembeni ya kiroba.

Kama unao ndani acha kulisha leo, ila usiutupe wote, funga kama kilo moja kwenye mfuko mkavu, andika tarehe uliyonunua, tunza na meseji za malipo. Sampuli yetu tumepeleka TVLA (maabara ya mifugo ya serikali) pale Temeke, tukiwa wengi kesi inakuwa na nguvu. Na mbwa wako akigoma kula au ufizi ukigeuka njano mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo na huo unga ukiwa mkononi.