Benzi 240D ya mwaka 1983: nililinunua nje, tukalirudisha kwa barabara

Nianze na kilichotulaza mpakani: herufi moja. Gari lenyewe, pamoja na uzee wake wote, halikutulaza popote.

Ni Mercedes-Benz 240D, toleo la W123, lile lililozinduliwa mwaka 1976. Dizeli, silinda nne, nguvu farasi 72. Ukicheka hiyo 72 sikulaumu. Kwenye mlima mmoja lori lililosheheni lilitupita taratibu, dereva akatupungia mkono kama anayeaga wagonjwa.

Tulikwenda wanne: mimi, rafiki fundi, rafiki mhasibu, na wa nne ambaye sifa yake ni leseni na kutokuwa na haraka. Kwenye picha gari lilimeremeta. Fundi hakuiangalia hata rangi. Alitoa sumaku iliyofungwa kitambaa, akaipitisha polepole pembeni mwa bodi. Ikanata, ikanata, halafu chini ya mlango wa nyuma, karibu na tundu la jeki, ikadondoka. Puti tupu, bati hakuna. Muuzaji akaanza kuangalia viatu vyake, na bei ikashuka bila kelele.

Tairi nazo zilikuwa na meno kama mpya. Lakini ubavuni, baada ya herufi DOT, namba nne za mwisho zilisomeka 2309: wiki ya 23, mwaka 2009. Hazikutumika, zimezeekea hapo hapo zilipoegeshwa, zikiwa na nyufa nyembamba kama udongo uliokauka. Tulinunua nne mpya kabla ya kuondoka. Hapo usibane mkono.

Dizeli hii haitaki pupa. Unazungusha ufunguo, taa yenye alama ya koili inawaka, unasubiri izime, ndipo unapiga stata. Kuwaka, iliwaka kila asubuhi. Kuzimika ndiko kulikuwa na hadithi. Kituo cha kwanza cha mafuta nilizima, nikachomoa ufunguo, nikaushika mkononi, na injini ikaendelea kunguruma kama hainioni. Fundi akacheka, akafungua boneti, akabonyeza kiwiko kidogo kilichoandikwa STOP. Kimya.

Kumbe injini hizi hazizimwi kwa umeme. Ufunguo unafungulia mvuto wa hewa unaokwenda kwenye pampu na kukata mafuta, na mvuto huo huo ndio unaofunga na kufungua loki za milango. Kimpira kimoja kikipasuka ndani ya mlango, nguvu inavujia huko na pampu haipati kitu. Kwa hiyo siku nzima ya pili, kila tuliposimama, fundi alishuka kwanza kufungua boneti, na watu wakatukimbilia kutusukuma. Jioni alichomoa mipira mmoja mmoja, akagundua uvujaji uko mlango wa nyuma kushoto, akaiziba njia nzima ya milango kwa skrubu ndogo. Injini ikazimika kwa ufunguo. Milango tukawa tunaifunga mmoja mmoja kwa mkono.

Sasa mpaka. Wa kwanza ulichukua dakika ishirini. Wa pili, afisa forodha alikuja na tochi, akainama ndani ya boneti, akasoma namba ya chesisi kwa sauti huku mwenzake akifuata kwenye mkataba. WDB123123, hiyo 123.123 ndiyo namba ya 240D kiwandani, wakaendelea hadi wakasimama. Muuzaji alikuwa amechapa herufi O mahali pa sifuri.

Mhasibu wetu alifurahi, maana hili alilijua. Akaeleza kwamba namba za chesisi zenye tarakimu na herufi 17 hazitumii kabisa I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo O ile haiwezi kuwa O. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa. Basi karatasi hii ni ya gari ambalo halipo."

Tulilala humo humo garini. Viti vina springi, mimi nilipata usingizi. Yule mwenye miguu mirefu hadi leo hataki kuzungumzia. Muuzaji alipokea simu asubuhi, akatuma mkataba mpya wenye sahihi, tukapita.

Ningerudia? Ndiyo, ila mkataba ningeusoma nikiwa nimeinama mbele ya boneti, tarakimu kwa tarakimu, kabla sijatoa hela. Bima na namba za muda hakikisha zinakubalika katika kila nchi unayopita, si unakoishia tu. Na uliza mapema forodha ya kwenu inahesabuje gari kuukuu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linaanzia miaka 30, lakini afisa wa dirishani ana kitabu chake.

Gari nalipa nyota nne kati ya tano. Muuzaji mbili, na moja kati ya hizo ni ya kupokea simu. Ile skrubu bado iko pale pale. Fundi kila tukionana ananiuliza kama nimeshaagiza kimpira cha mlango.