Matairi ya aina tatu kwenye tope la Ndutu na mawe ya Natron: uzoefu wangu

Tairi lililonifanya niandike haya lilichanika ubavuni kilomita chache kabla ya Engare Sero, kando ya Ziwa Natron, saa nane mchana, nikiwa na wageni wanne garini na Ol Doinyo Lengai uko mbele yetu. Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa jiwe jeusi la volkano, kiasi cha ngumi, lenye makali kama shoka. Tairi lilikuwa na miezi mitatu tu tangu nilinunue, kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, bado ndefu, na lilifunguka upande kama gunia lililokatwa kwa kisu. Nilifunga spea, tukafika salama, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nimebakiwa na spea moja, na njia ya kurudi Mto wa Mbu ilikuwa ileile.

Naendesha Land Cruiser mkonga iliyorefushwa kwa ajili ya watalii, kutoka Arusha. Huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi hii. Katika miaka sita ya karibuni nimefunga matairi ya aina tatu kwenye gari hilohilo, nikapita nayo njia zilezile, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona kwa macho na nimekilipia kwa fedha yangu. Majina ya kampuni nimeyaacha makusudi. Kampuni moja hutengeneza tairi gumu na tairi jepesi chini ya nembo moja, na mnunuzi anayekwenda dukani na jina tu kichwani anaweza kurudi na kitu ambacho siyo. Nitazungumzia aina, saizi, na maandishi yaliyo ubavuni.

Nilianza na saba hamsini, yaani 7.50R16, tairi jembamba la tyubu. Mzee aliyenifundisha kazi hakutaka kusikia habari ya tairi jingine. "Kijana wangu, tairi jembamba linakata tope, linakwenda kutafuta ardhi ngumu chini," alikuwa akiniambia. Na kwa njia za nyanda za juu za Ngorongoro alisema kweli. Chukua ile ya kutoka Nainokanoka kupitia Bulati kwenda Empakaai wakati wa mvua: juu kuna utelezi wa kina cha vidole vinne vitano, chini yake ardhi imeshikana. Saba hamsini hushuka, hugusa chini, hushika. Nimepita pale asubuhi yenye ukungu wakati magari yenye matairi mapana yakiteleza kuelekea mtaroni.

Jambo jingine ninaloliheshimu kwenye saba hamsini ni urahisi wa kulitibu. Pancha ya mwiba wa mgunga unaimaliza mwenyewe chini ya mti kwa mitaimbo miwili, kiraka na pampu. Kila fundi pancha kuanzia Karatu hadi Wasso ana tyubu yake. Rimu ikipinda kidogo kwa kugonga jiwe, upepo hautoki, kwa sababu umo ndani ya tyubu.

Lakini tyubu hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niliache. Kwenye makorongo ya mchanga kati ya Engaruka na Engare Sero dawa ni kupunguza upepo ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Saba hamsini ukilishusha sana, rimu huzunguka huku tairi limebaki nyuma, tyubu inavutwa, na vali inang'oka kabisa. Ilinitokea mara mbili. Baada ya hapo sikuthubutu kushuka chini ya upepo 28 (psi kwenye geji), na kwa upepo 28 tairi jembamba lenye gari zito juu yake linachimba mchanga kama jembe.

Seti ya pili ilikuwa MT, tairi la tope lenyewe, saizi 265/75R16, lisilo na tyubu. Wengi huuliza kama kubadili kutoka saba hamsini kwenda saizi hii kutavuruga spidomita au kutagusa matao ya gari. Piga hesabu: asilimia 75 ya milimita 265, mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16, unapata kama milimita 804. Saba hamsini nayo inazunguka humohumo, na saizi nyingine, 235/85R16, ni kama 806. Zote tatu zina urefu wa karibu sentimita 80. Kinachobadilika ni upana tu, na upana ndio unaoamua utaelea au utazama. Hakikisha tu rimu zako ni za upana unaolifaa hilo tairi. Zile nyembamba za saba hamsini hazilifai, na mimi ilibidi ninunue nyingine.

Nikiri bila kusita: Ndutu, mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, mwezi wa pili, nyumbu wakizaa na mvua imepiga siku tatu mfululizo, MT halina mpinzani. Udongo mweusi wa kule ni mfinyanzi unaovimba ukilowa. Haukai chini ukakusubiri uupite, unapanda na tairi. Unajaza nafasi kati ya kashata, unakauka kidogo, unashika mwingine juu yake, na baada ya mita hamsini una magurudumu manne laini kama mitungi. Tairi la MT lina mianya mipana kati ya kashata, na ukilipa mzunguko kidogo, mafuta yakiwa sawasawa bila kukanyaga kwa hasira, linautupa ule udongo nje na kashata zinazaliwa upya. Udongo ukiruka mpaka kwenye vioo vya pembeni, ujue tairi linajisafisha. Ukiona hauruki, simama mapema kabla hujajizika hadi kwenye difu.

Shida ni kwamba Ndutu ni siku tatu kati ya kumi. Siku zilizobaki kuna lami kama kilomita 160 kutoka Arusha hadi lango la Loduare la kuingia Ngorongoro, na huko MT linaunguruma kiasi kwamba mgeni wa siti ya nyuma hasikii unachomweleza kuhusu Bonde la Ufa. Kwenye lami iliyolowa, mteremko wa Mto wa Mbu ulinifanya nishike usukani kwa mikono miwili, kwa sababu kashata kubwa zenye mianya zina mpira mchache unaogusa barabara, na breki inachelewa. Ya nyuma yaliisha kabla sijafikisha kilomita 40,000. Nikafunga mengine mapya ya aina hiyohiyo, halafu likaja lile jiwe la Natron.

Nilipofika Mto wa Mbu nilimpelekea fundi lile tairi nikitumaini ataliokoa. Alilishika, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akatikisa kichwa. "Kaka, ubavu haupigwi kiraka. Nikikuziba hapa nitakuwa nimekuua njiani." Kisha akanionyesha kitu ambacho miaka yote sikuwa nimekitazama. Kwenye ukingo uliochanika nyuzi zilionekana wazi: tabaka mbili. Akageuza tairi jingine lililokuwa limeegemea ukuta, akaniwekea kidole juu ya maandishi madogo. Tafuta neno SIDEWALL na namba inayofuata. Langu, pamoja na sura yake yote ya kutisha, lilikuwa na 2. Lile la ukutani, la kashata za kawaida kabisa, lilikuwa na 3.

Hapo ndipo nilipobadili namna ya kununua. Kashata zinakuambia tairi litafanya nini kwenye tope. Hazikuambii chochote kuhusu ubavu, na kwenye njia zetu za mawe ubavu ndio unaokulaza porini.

Seti ya tatu, ambayo ninayo hadi leo, ni AT (all-terrain, tairi la njia za kila aina) ya saizi ileile 265/75R16, lakini ya daraja la LT (light truck, la magari ya kubeba mizigo), ubavu tabaka tatu, na namba ya uzito 123/120. Namba hizo zisomwe kwa makini. 123 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,550. Ile ya pili ni kwa magari yenye matairi pacha. Kuna matairi ya saizi hiyohiyo, yamepangwa rafu hiyohiyo, yenye 116, ambayo ni kilo 1,250. Tofauti ya kilo 300 kwa kila gurudumu si ya kupuuza kwa gari ambalo likiwa na wageni, maji, mizigo na matangi yaliyojaa linavuka tani tatu. Kila moja lilinigharimu zaidi ya laki saba, na kwa mwenye gari moja kama mimi hiyo ni fedha ya msimu. Sijajuta hata siku moja.

Kabla ya kulipa soma pia namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa kiwandani ulio ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 0822 ni wiki ya nane ya mwaka 2022. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia tairi linalong'aa kwa mafuta ya kupakwa, karatasi yake bado imebandikwa, na lilikuwa na miaka sita ghalani. Lilipasukapasuka kwenye mikunjo kabla ya mvua za vuli.

Sasa upepo. Hapa ndipo madereva wenzangu wengi wanapopoteza matairi mazuri, na ningependa tusikilizane. Kwenye lami na mzigo kamili naweka 38 mbele na 42 nyuma. Nikivuka Loduare na kuanza vumbi nashusha hadi 30. Barabara ya kushuka kuelekea Naabi, lango la Serengeti, imekuwa kama bati la migongo, na mawe yake ni makali. Ukienda na 42, gari linarukaruka, shokapu zinachemka, na kila jiwe linapigwa na tairi gumu lisilokubali kubonyea. Kwa 30 tairi linalifunika jiwe na kupita. Mwendo nao uwe wa kilomita 50 kwa saa, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto na kuoza ndani kwa ndani.

Kwenye mchanga nashuka hadi 18. Kwenye tope la Ndutu, 20. Na hapa ndipo AT lilinishangaza. Kwa upepo 35 lilijaa udongo mara moja, nikanasa mbele ya wageni kabla hata hatujamwona simba. Kesho yake, mahali palepale, kwa upepo 20, nilipita. Lilikuwa limelala, refu kama wayo wa tembo, na kila kashata ikijikunja na kujinyoosha udongo ukawa unaachia. Halifiki uwezo wa MT, hilo lazima niseme. Mwezi wa tatu mwaka jana kinamasi kilinishinda kabisa, na mwenzangu mwenye MT ndiye aliyenivuta kwa kamba. Lakini ni mara moja kwa msimu mzima.

Kwenye mawe ya Natron usishuke hivyo. Ukilegeza tairi kupita kiasi ubavu unatokeza nje ya kashata, na unampa jiwe shavu la kukata. Mimi nabaki 28 hadi 30 na napanda jiwe kwa katikati ya tairi. Kishawishi cha dereva ni kulikwepa kidogo, na kule kulikwepa ndiko kunakolisuguisha ubavuni. Liangalie, lipande, lishuke polepole kwa gia nzito. Tangu nifunge seti hii nimekwenda Engare Sero mara 14, mara tatu nikapandisha hadi Sonjo kwa ule ukuta wa mawe, na sijapoteza ubavu hata mmoja. Pancha nimepata nne, zote za juu, zote zikazibwa kwa utambi wa kuchomeka kwenye tundu, dakika kumi bila kuvua gurudumu.

Haya yote hayawezekani bila kompresa na geji ya kweli. Kompresa yangu ndogo inachukua karibu nusu saa kurudisha matairi yote manne kutoka 20, na nusu hiyo nawapa wageni chai. Niliwahi kumbeba dereva kijana aliyesahau kurudisha upepo akapiga lami hadi Karatu kwa 22. Tairi lilivimba, likapasuka karibu na Rhotia, na ni Mungu tu hakuna aliyeumia. Mdogo wangu yule sasa hatoki getini bila kupima.

Kama kazi yako ni mashamba ya mbuga nyeusi tupu, mvua hadi mvua, na lami huigusi, chukua MT bila wasiwasi, ila lenye ubavu wa tabaka tatu. Kama uko mbali na kila kitu na fundi wako ni wewe mwenyewe, saba hamsini bado ni tairi la heshima. Kwa mchanganyiko wangu wa lami, vumbi, mawe na wiki chache za tope, ni AT ya LT.

Seti yangu ina kilomita 48,000 sasa. Ya mbele yana milimita saba za kashata, ya nyuma yamebaki na tano, na kwa masika hii tano hazinitoshi. Nimeshaagiza mapya manne ya aina hiyohiyo. Yale mawili ya mbele yatapanda mlango wa nyuma kuwa spea.