Miezi Saba na Kitabu cha Kuanzia Katuni za 3D: Uzoefu Wangu

Kitabu nilikinunua Dar, kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandika kando ya barabara maeneo ya Posta, kwa shilingi 12,000. Jalada lilishang'oka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake silijui mpaka leo. Ni kitabu cha Kiingereza cha kumfundisha anayeanza kutengeneza katuni za 3D kwa kompyuta. Kina kurasa karibu mia nne, picha nyingi ni nyeusi na nyeupe, na mazoezi yote yanafanywa kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea katuni hizo. Naandika haya kwa mtu aliye Tanga, Korogwe au popote pale, mwenye laptop ya kawaida, anayejiuliza kama kitabu bado kina kazi wakati video za mafunzo zimejaa mtandaoni.

Mimi nina duka la kuchapa kadi za harusi na mabango hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya kitabu nilikuwa nikijifunza kwa video. Bando linakwisha, na la pili linakwisha. Mwalimu akibonyeza nami nabonyeza, mwisho ninapata donati nzuri kama yake, lakini ukiniambia nitengeneze kikombe nabaki nimekodoa macho. Nilikuwa nimejifunza mkono wake unakwenda wapi, sikujua kwa nini unakwenda huko. Kitabu kilinipa hicho cha pili. Kinakufaa kwelikweli ukiwa na kitu chako mwenyewe unachotaka kitembee, ambacho unaweza kutoka nje ukakitazama. Changu kilikuwa baiskeli. Kwa kuwa naishi Tanga sikuhitaji kwenda mbali, zinapita mlangoni kutwa nzima.

Nianze na kilichonisumbua. Kitabu kiliandikwa kabla ya Blender 2.80, toleo lililotoka 2019 na kubadilisha sura ya programu nzima. Zamani kitu kilichaguliwa kwa kitufe cha kulia cha mausi, sasa ni cha kushoto. Kitabu kinasema ubonyeze kile kitufe kirefu cha nafasi ili upate sehemu ya kutafutia amri. Nikabonyeza, katuni ikaanza kucheza. Siku hizi kutafuta ni F3. Wiki nzima ya kwanza ilipotea hivyo, nikidhani laptop yangu ndiyo mbovu. Ukipata kitabu cha umri huo, yaruke majina ya vitufe, soma maelezo ya kinachotokea, kisha andika jina la amri kwenye F3. Majina ya amri nyingi hayakubadilika. Na programu yenyewe usiitafute kwa njia za panya: Blender ni ya bure kihalali. Mwaka 2002 watu walichangishana euro 100,000 ili msimbo wake uwe wazi kwa wote, na umebaki wazi tangu wakati huo.

Sura za mwanzo za kuunda maumbo nilizipita haraka. Mchemraba unaokukuta ukifungua programu una nukta 8, mistari 12 na nyuso 6, na kila kitu kingine ni kuvuta, kukata na kuongeza hizo nukta. Ni kazi ya subira tu.

Sura ya mwendo ndiyo iliyonishika, na nimeisoma mara tano. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: katuni ni picha zinazofuatana, kila moja ni fremu; wewe unaweka fremu kuu, yaani kitu kiko wapi mwanzoni na kiko wapi mwishoni, na kompyuta inajaza fremu za katikati. Nikaunda gurudumu, nikaliambia fremu ya 1 liwe digrii 0, fremu ya 24 liwe digrii 360, kisha lirudie. Fremu 24 ni sekunde moja. Nilipocheza, gurudumu lilikuwa linayumba kama ringi iliyopinda, kila mzunguko linaanza kwa uvivu, linakimbia, kisha linapunguza mwendo na kukwama kidogo kabla ya kuanza tena.

Makosa yalikuwa matatu, na yote yamo kitabuni, kila moja mahali pake. Kuyumba kulitokana na kitovu. Kila umbo lina nukta moja ambayo linazunguka kuifuata, na yangu ilikuwa imesogea pembeni ya ekseli kwa upana wa kidole. Uvivu ulitokana na jinsi kompyuta inavyojaza katikati: usipoiambia vingine, inaanza taratibu na kumaliza taratibu. Kitabu kinachora grafu mbili, moja imejipinda kama S na nyingine imenyooka kama rula. Ile ya S inafaa mkono unaonyanyua kikombe, kwa sababu mkono hauanzi ghafla. Gurudumu lililo safarini linataka ile iliyonyooka. Na kule kukwama ni kosa la hesabu: fremu ya 24 na fremu ya 1 zilikuwa picha ileile, kwa hiyo jicho linaiona mara mbili mfululizo. Digrii 360 ziwekwe fremu ya 25, na mzunguko ukatwe kwenye 24. Nilipofanya hivyo gurudumu likatulia, likazunguka laini kabisa, nami nikalitazama kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho nisingekijua kwa kubonyeza tu. Baiskeli niliyoipima ni ile ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma. Gurudumu likizunguka mara moja kwa sekunde, kila fremu linasogea digrii 15. Spoku za nyuma zimeachana digrii 9. Sasa fikiria: baada ya fremu moja kila spoku imekwenda digrii 15, lakini spoku ya pili nyuma yake imefika digrii 3 tu kabla ya mahali ilipokuwa ya kwanza. Spoku zote zinafanana, na jicho linachukua iliyo karibu zaidi. Matokeo yake gurudumu la nyuma linaonekana linarudi nyuma polepole, na la mbele, ambalo spoku zake zimeachana digrii 11.25, linaonekana linakwenda mbele polepole. Baiskeli moja, magurudumu mawili yanapingana! Kitabu kina aya moja tu juu ya hili, kikitaja magurudumu ya mikokoteni ya farasi kwenye filamu za zamani, lakini aya hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue karatasi na kalamu. Dawa ni kuwasha ukungu wa mwendo, ule unaofanya kinachokimbia kiache kivuli kama kwenye kamera ya kweli. Spoku zinageuka utando mwepesi, na jicho linaridhika.

Jambo lingine ni umbali. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja, baiskeli husogea karibu mita 2.23. Ukiisogeza zaidi au pungufu, inaonekana inateleza kama iliyo juu ya mafuta, hata kwa mtu ambaye hajui kwa nini haipendi.

Nilimpelekea laptop fundi baiskeli wa jirani, mzee aliyekaa kazini miaka mingi. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Alitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, huyu anapiga pedeli kama anakimbizwa, na baiskeli inakwenda taratibu. Meno umeyahesabu?"

Sikuwa nimeyahesabu. Nilikuwa nimefunga pedeli na gurudumu vizunguke sawasawa. Tukahesabu pamoja kwenye baiskeli iliyokuwa imepinduliwa pale chini: mbele 44, nyuma 20. Kwa hiyo pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.2. Pedeli zangu zilitakiwa kumaliza mzunguko kwa fremu karibu 53, si 24. Akaongeza kwamba mtu akikaribia kusimama hapigi pedeli, miguu inatulia na gurudumu linaendelea lenyewe. Kitabu kina sura nzima ya kufunga kitu kimoja kifuate kingine kwa uwiano, na nilikuwa nimeisoma nikaona nimeelewa. Niliielewa siku ile, nimechuchumaa, mikono ina grisi.

Kuhusu kubandika picha juu ya umbo, kitabu kinatumia mfano wa ramani ya dunia, nami sikuuelewa hata kidogo. Nilielewa kwa chungwa la Muheza. Muuzaji anavyolimenya, ganda linatoka utepe mmoja mrefu, ukiulaza mezani unakuwa bapa. Pale kisu kilipopita ndipo mshono, na mchoro wowote utakaochora kwenye ganda bapa utarudi kwenye chungwa ukilikunja tena. Ukikata vibaya, ganda linachanika au linajivuta, na picha inavutika vilevile. Sura hii kwangu ni dhaifu, imeandikwa kwa haraka.

Sura ya taa nayo haikunisaidia sana. Inafundisha taa tatu za studio, moja mbele, moja pembeni, moja nyuma. Baiskeli yangu iko barabarani, na mchana jua la hapa liko utosini, kivuli kimejikusanya chini ya tairi. Nilifuata taa tatu, ikaonekana ipo dukani inauzwa. Nikazifuta zote, nikaweka jua moja juu kabisa na mwanga hafifu wa bluu wa anga, ikawa Tanga.

Lipo jambo zito zaidi ambalo kitabu hakikunionya. Kurenda, yaani kuiacha kompyuta ichore picha za mwisho, kwangu kulichukua dakika mbili kwa fremu. Sekunde 10 ni fremu 240, saa nane kamili. Niliiambia itoe faili moja la video, nikalala. Usiku wa manane umeme ukakatika, betri yangu ilishakufa zamani, na asubuhi lile faili halikufunguka. Usiku mzima umepotea. Sasa ninatoa kila fremu kama picha yake ya PNG. Umeme ukikatika kwenye ya 97, ninaanzia 98, na mwishoni ninaziunganisha kuwa video kwa dakika chache. Kitabu chochote kinachomfundisha anayeanza kingeliweka hili ukurasa wa kwanza wa sura ya kurenda, tena kwa wino mzito.

Ningekinunua tena? Ndiyo, hata kwa bei mara tatu, na bado ningetazama video fupi pale vitufe vilipobadilika. Kilichonifundisha mwendo sijakipata kwingine kwa utulivu ule.

Sasa niko sura ya mifupa, ile inayowekwa ndani ya umbo ili viungo vyake vikunjike. Mwendeshaji wangu ameshakaa kwenye siti, mikono imeshika usukani, lakini goti lake likikunjwa linabonyea kama mpira wa maji. Kitabu kinasema nilizungushe goti mistari mitatu badala ya mmoja, ya juu, ya kati na ya chini, ili nyama ipate pa kwenda. Goti la kushoto nimeshalitengeneza hivyo, linakunjika vizuri. La kulia nitalifanya kesho nikishafunga duka.